Miche Iliyofungiwa Kabatini

Kabla hapajapambazuka, kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga jikoni kwa mwalimu Faustina, mjini Mafinga. Alikunywa chai amesimama, akavaa gauni la kitenge cha kijani na koti jeupe la maabara. Leo mkuu wa shule angekaa darasani. Somo likiharibika, masomo ya vitendo yangefutwa, wanafunzi warudi kunakili ubaoni.

Mlangoni alimkuta mpenzi wake Gwakisa, fundi seremala, ameleta viazi vya moto. Walifahamiana mwezi uliopita, walipogongana katika umati wa soko la mbao, Faustina akitafuta fundi wa kabati la maabara.

"Kula, mama sayansi. Usije ukaanguka darasani."

"Unaninenepesha ili wengine wasinitazame."

"Nani kakwambia siri yangu?"

Maabarani, mbele ya wanafunzi na mkuu, Faustina alichuma jani la mche wa maharage aliouweka kabatini siku mbili zilizopita. Akalichemsha, akaliondoa rangi kwa spiriti ya moto, akalitandaza kwenye sahani.

"Halikupata mwanga, kwa hiyo halikutengeneza chakula. Iodini itabaki ya kahawia."

Akadondosha. Jani likawa jeusi tii, ishara ya wanga.

Mkuu akavua miwani.

"Madam, ni mimi," akasema Gwakisa, aliyekuwa nyuma akikaza viti. "Jana nikirekebisha bawaba niliikuta miche gizani. Nikadhani imesahauliwa. Nikaimwagilia, nikaiweka juani kutwa nzima, jioni nikairudisha."

Wanafunzi wakaangua kicheko.

"Umeniaibisha! Toka!"

Gwakisa alikusanya vifaa vyake. Mchana akapanda basi la Mbeya.

Darasani, mara tu Gwakisa alipotoka, Frida wa dawati la mbele alinyoosha mkono. "Madam, basi chakula hiki kimetengenezwa na jua la jana?"

Mkuu akavaa miwani tena, taratibu. "Rudieni wiki ijayo. Mche mmoja gizani, mmoja juani. Nitakuja."

Jioni Faustina alimpigia Gwakisa simu mara tatu bila kupokelewa. Ya nne ikapokelewa.

"Uko wapi?"

"Uyole, huku Mbeya, kwa mama. Nimekuharibia kazi."

"Mkuu amekubali, tunarudia."

"Unanitania."

"Sikutanii, mpenzi. Nimekufukuza kwa sababu ya huruma yako. Nisamehe."

Kwenye simu Gwakisa alisikika akipenga kamasi.

Jumamosi Faustina alishuka Uyole. Gwakisa akatoka uani na randa mkononi, mdomo wazi.

"Umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja kuuliza. Utanioa, au unahurumia maharage tu?"

Randa ikaanguka chini. Esta, mama yake Gwakisa, akaganda na ungo wake, mchele ukimwagika. Binti kumposa mwanamume, tena mbele ya mama mkwe!

"Nakuoa," Gwakisa akasema. "Hata leo."

Esta alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Jioni alimsindikiza Faustina hadi kituoni, amemshika mikono yote miwili.

"Mshenga wetu atakuja kwenu, mambo yaende kwa heshima. Lakini wewe, mwanangu, usimsubiri mshenga. Jumamosi uje tena."