Kaka Yangu na Neno la Pimamaji

Miaka yangu sikuandikiwa na mtu. Marehemu mama alisema nilizaliwa mwaka wa sotoka, ng'ombe wa Ugogo walipokufa hadi fisi wakashiba wakaacha mizoga. Hesabuni wenyewe. Naishi upande wa Hombolo, sina mume, sina mtoto. Kuandika nimejifunza ukubwani, misheni, kwa sababu moja tu: mkasa huu niuseme kwa mkono wangu, asije mtu akanisemea. Nimesemewa vya kutosha!

Mume wangu aliitwa Iddi, Mrangi wa Kondoa. Alikuja kwetu na kazi ya reli. Reli ilipokuwa inapimwa kuja Dodoma, yeye alimbebea fundi wa Kijerumani vyombo vyake, na mwishowe akafundishwa kuvitumia. Kimoja kati ya vyombo hivyo kinaitwa pimamaji. Ni kipande cha ubao chenye kichupa, na ndani ya kichupa mna maji na povu moja. Povu likikaa katikati, mahali ulipokiweka pamelingana. Likikimbilia upande, upande huo uko juu. Basi, hakuna uchawi wowote.

Kwetu hawakumpokea mara moja. Walisema ni Mwislamu, tena mboga yetu ya mlenda inamshinda. Aliyenisimamia mbele ya wazee ni kaka yangu Yona, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Yona alikuwa amesoma misheni, na boma la Dodoma lilimwajiri kuwa mkalimani. Nilimpenda kaka yangu, nasema kweli. Nilipojifungua binti, yeye ndiye aliyechagua jina la Nyemo, yaani furaha kwa Kigogo.

Nyemo alipokuwa ameanza kuchunga ndama, ikatoka amri ya boma. Kijiji chetu kijenge lambo la kunyweshea mifugo, ukuta wa udongo wa kukata korongo. Mahali palichaguliwa na nani? Na Yona! Alimpeleka Bwana Mkubwa wa boma karibu na zizi lake mwenyewe, Bwana Mkubwa akachomeka fimbo ardhini, shauri likaisha. Chini ya hapo zilikuwa nyumba zetu za tembe, ya mama na yangu zikitangulia.

Iddi alikwenda kupaangalia. Aliporudi hakugusa chakula.

"Mama Nyemo," aliniambia, "upande wa kushoto pale ni chini. Maji yakijaa hayatafuata korongo, yatakuja kwetu."

Hapo ndipo alipoanza kuhangaika. Alikwenda boma, askari wakamfukuza, akarudi tena. Akaenda kwa akida, akaenda kwa jumbe, akaenda mpaka misheni. Maneno yake yalikuwa yaleyale kila mahali. Serikali imepima reli hatua kwa hatua ili garimoshi lisianguke, sasa kwa nini watu iwakisie kwa fimbo? Alitaka iwe sheria kwamba lambo, daraja au kisima cha serikali visijengwe Ugogo kabla fundi hajapima. Tena alitaka vijana wetu wafundishwe kazi hiyo, si ukarani peke yake. Watu walimcheka wakamwita Bwana Povu. Hata mimi kuna siku nilimwita hivyo, tukacheka pamoja. Lakini hakuacha, maana mvua zilikuwa zinakaribia na ukuta ulikuwa haujaanza.

Mwisho Bwana Mkubwa akakubali kumsikiliza barazani. Kiswahili alikijua vizuri yule mzungu. Aliuliza, Iddi akajibu, akauliza tena... na akaelewa! Nilimwona akitikisa kichwa kwa kukubali. Akasema anaweza kuomba fundi kutoka kwenye reli, lakini kazi itabidi ingoje, na wanakijiji wambebee fundi mizigo yake na kumlisha. Akamgeukia Yona, awaulize wazee kama wako tayari, kwa kuwa wengi wao Kiswahili hawakukijua.

Sasa mnielewe. Fundi angekuja, angeona kwamba Yona alimdanganya Bwana Mkubwa kuhusu mahali pale kwa ajili ya zizi lake. Yona angeaibika, labda na kazi angeikosa. Akasimama, akakohoa kidogo, akasema kwa Kigogo:

"Huyu mtu wa Kondoa ameiomba serikali ilete mzungu wa kupima maji. Kila nyumba itapimiwa maji yake, na ng'ombe wenu pia. Mnakubali?"

Jamani! Sisi ni watu wa kuchimba mchanga wa mto kwa mikono mpaka tupate kibuyu kimoja cha maji. Nani angekubali kupimiwa hicho?

Mimi nilizijua lugha zote mbili. Niliinuka katikati ya wanawake nikapaza sauti kwamba si kweli, kinachopimwa ni ardhi! Yona wala hakukasirika. Alitabasamu akawaambia wazee wanisamehe, dada yake ameolewa, anasema ya mumewe. Baraza zima likacheka. Kisha wazee wakagonga fimbo chini, wamekataa. Yona akamgeukia Bwana Mkubwa na kumwambia kwa Kiswahili kwamba watu hawataki kungoja, wanaomba kazi ianze kesho.

Iddi alipiga kelele kwamba wamegeuziwa maneno. Bwana Mkubwa akamwamuru anyamaze, hakunyamaza. Basi akapigwa viboko hamsa wa ishirini palepale, amelazwa kifudifudi, mama mkwe wake akitazama. Mama yangu alijifunika uso kwa nguo. Kwetu, mkwe hata kula mbele yake unaona haya, seuze kuvuliwa nguo na kuchapwa kiboko.

Tangu siku hiyo tukawa adui wa kijiji. Nikienda kuchota maji mtoni wanawake wananifukia kishimo changu kwa miguu, wananiambia niende nikapimiwe na mume wangu. Nyemo alirudi nyumbani akilia, wenzake wamekataa kucheza naye. Tulitaka kuhamia Kondoa, lakini jumbe alikataza mtu yeyote kuondoka mpaka lambo liishe. Tungefanyaje?

Tukajenga. Nilibeba udongo kichwani pamoja na wale waliofukia kishimo changu. Iddi alichimba na mgongo ulioiva kwa viboko. Kila jioni wengine wakirudi, yeye alibaki peke yake na jembe, akiongeza udongo ule upande wa kushoto. Watu walimwona wakamcheka.

Mvua zilikuja kwa hasira mwaka ule. Mchana mmoja mimi na Iddi tulikuwa shambani tunapalilia uwele, Nyemo tumemwacha kwa bibi yake. Tukasikia mngurumo, si wa radi. Iddi alitupa jembe akakimbia kabla sijaelewa.

Ukuta ulikuwa umekatika kushoto. Tembe ni nyumba ya udongo mpaka paa lake, mnazijua. Maji yakilamba ukuta, paa lote linashuka. Tulifukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Tuliwakuta pembeni, mama amemkumbatia mjukuu wake, matope yamewajaa vinywani... Nilitamani na mimi nife. Mpaka leo kuna siku natamani.

Yona alikuja. Alilia kuliko sisi sote, akagaragara kwenye matope akimwita mama. Na mimi, mjinga, nilimshika mkono.

Siku chache baadaye Bwana Mkubwa akaja kufanya uchunguzi. Mkalimani? Yeye huyohuyo. Wazee wakaulizwa ni nani alionekana ukutani peke yake na jembe. Wakamtaja Iddi, na ilikuwa kweli. Alikuwa akifanya nini? Wakajibu kwa Kigogo kwamba alikuwa akiongeza udongo. Yona akageuza kwa Kiswahili:

"Alikuwa akipunguza udongo, Bwana."

Mama yetu hata kaburi lake lilikuwa halijakauka! Iddi alikana, Bwana Mkubwa akasema huyu ana kisasi cha viboko. Nilimwangukia Bwana Mkubwa miguuni, nikamweleza kwa Kiswahili changu mwenyewe. Akasema mke hawezi kumtolea ushahidi mumewe. Iddi alitiwa mnyororo shingoni, akapandishwa garimoshi kwenda pwani. Hakuniaga, askari hawakumpa nafasi. Mwaka uliofuata mpagazi mmoja aliyetoka huko aliniambia amefia kwenye kazi ya kuvunja mawe.

Kiangazi cha mwaka huohuo fundi wa reli akaja na pimamaji yake. Serikali ilikuwa imetoa amri mpya: kusijengwe lambo lolote wilayani bila kupimwa kwanza. Alipima, akasema ukuta ujengwe juu zaidi korongoni, mbali na nyumba. Yona akawafasiria wazee vizuri sana, neno kwa neno, na wote wakafurahi. Lambo hilo likajengwa, lipo, halijavunjika. Linaitwa lambo la Yona.

Ndugu zangu, wewe mwenye ujuzi wa kuwafaa watu, nakuomba usiwapelekee kwa mdomo wa mtu mwingine. Jifunze lugha yao, kaa nao chini, waonyeshe chombo chako wakishike kwa mikono yao, hata ikikuchukua miaka. Na wewe unayeletewa jambo geni, kabla hujakataa, mwulize mwenyewe anayelileta. Usimwulize anayekula kwa kulifasiri. Undugu si hoja, mimi yangu mmeyasikia.

Kisima changu kimekauka, kwa hiyo nami nachota kwenye lambo lile lile. Jana kulikuwa na foleni ndefu, wanawake wakaniona nimesimama na mtungi wangu juani. Wakaambizana wanipishe mbele, mimi ni dada yake Yona. Nikapita, nikachota.