Shafti ya Kukhu Hasina

Kila Jumamosi asubuhi, Sumayya alifagia kibanda cha nyanya yake, Kukhu Hasina, kule Mayoni. Humo walitengeneza sukari guru. Shafti ya mashine yao, kile chuma kinene kinachozungusha rola za kukamua miwa, ilirukiwa na maji ya miwa kutwa nzima. Kukhu aliapa kwamba maji hayo yaliwahi kula koleo zima kati ya Ijumaa na Jumatatu, yakabakiza mpini ukimtafuta mwenyewe.

Ndiyo maana kila msimu shafti ilioshwa, ikasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, ikakaushwa, kisha ikapakwa praima nyekundu, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na rangi nyingine juu yake. Mwaka huu mgongo ulimsumbua Kukhu, akamwachia mjukuu wake kazi hiyo.

Lakini Abigail, rafiki wa Sumayya, alikuja na mpira, akamwuliza mwenzake kama ameolewa na hiyo mashine. Sumayya akapaka rangi juu ya kutu na utomvu uliokauka, akakimbia kucheza.

Jumatatu jioni shafti iling'aa kama ya dukani. Kukhu alimsifu Sumayya kwa kila mteja, hata kwa mbuzi wa jirani. Kisha akaketi karibu na rola, pale anapoketi kila siku akilisha miwa kwa mkono. Fundi Mukhwana akashika hendeli ya injini. Sumayya akautazama mkono wa nyanya yake, wenye makunyanzi, ukiinua muwa wa kwanza.

"Fundi, usiwashe," akasema kwa sauti ndogo. "Kukhu, sikusugua. Nimepaka juu ya kutu."

Kukhu akainuka. Alichukua brashi mbili, akampa moja. Rangi ilipotoka, kando ya giya, lile gurudumu lenye meno, ulionekana ufa mwembamba kama unywele.

Mukhwana alieleza kwamba chuma nacho huchoka kwa kulemewa kila siku. Kutu hukichimba vishimo, na ufa huanzia humo. Rangi iliyoshika vizuri huzuia maji yasikifikie. Rangi juu ya kutu huficha tu. Shafti hiyo ingeweza kukatika wakati wowote, ikamjeruhi aliyeketi karibu na rola.

Sumayya akalia. Kukhu akamvuta kifuani, akampaka rangi shavuni bila kujua.

Alhamisi Mukhwana alileta shafti nyingine. Sumayya aliisugua, akaipaka, akangoja kila rangi ikauke, huku Abigail akiipepea kwa katoni.

"Hata ungekosea mara mia ningekupenda," Kukhu akamwambia. "Ila ujue, mama, mtu akikuamini anaweka mkono wake mahali ulipofanyia kazi. Basi ifanye sawasawa. Na ukiiharibu, sema mapema, kama ulivyosema."

Kisha akamwagiza Mukhwana awashe injini, akaketi mahali pake.