Karibu kwa Macho, Mbali kwa Miguu

Kila akichambua mchele uani kwake, mjini Tashkent, Bibi Oyniso alisikia treni zikiingia kituoni. Kituo kilikuwa nyuma tu ya ukuta, mwisho wa uchochoro wao. Lakini ili akifikie, ilimbidi azunguke mtaa mzima mpaka barabara kuu. Nyonga ilimuuma sana. Wiki hiyo hakupanda treni kwenda kliniki kufanya mazoezi ya mguu, na daktari alishamwonya kuwa akiacha, hatatembea tena.

"Mbona hukwenda, mama?" aliuliza Shahlo, binti wa jirani, ambaye kazi yake ni kupanga barabara za mji.

"Nimechoka kuzunguka, mwanangu. Na ukuta huo tuliujenga wenyewe! Siku ya kazi ya pamoja wanaume walipanga matofali, mimi nikawapikia pilau. Tuliogopa wezi wa kituoni. Tukala, tukashiba, tukajifungia ndani."

Shahlo hakucheka. "Ramani inasema mnaishi jirani na kituo. Miguu inakataa. Watu hawaruki kama njiwa, mama. Uchochoro ukizibwa, karibu panakuwa mbali. Wenye magari hawaoni tabu. Wanaoumia ni wazee na wenye watoto wachanga."

"Na wezi je?"

"Mwizi anapenda mahali pasipo na watu. Fungueni njia ya miguu tu. Wekeni taa, na nguzo za kuzuia magari. Wapitaji ndio watakaokuwa walinzi wenu. Ila kwanza tuombe kibali."

Jamani, bibi yule alikuwa king'ang'anizi! Alibisha hodi nyumba kwa nyumba huku akiburuta mguu, akiwaita majirani mkutanoni. Kwenye mkutano, Mzee Tursunboy, mwenyekiti wa mtaa, alikuja juu.

"Ukuta huu niliusimamia mimi! Leo tuubomoe kwa ajili ya nyonga yako?"

"Ya kwako iko njiani, mwenyekiti. Kama hutaki, basi njoo unibebe mgongoni mpaka kituoni."

Majirani waliangua kicheko. Mzee akakubali shingo upande.

Kibali kilipotoka, watu walikuja na nyundo. Bibi Oyniso akapika pilau tena, safari hii ya kubomoa.

Sasa haikosi kliniki. Anakwenda kwa fimbo, polepole, lakini anakwenda. Asubuhi moja alimkuta Tursunboy amesimama katikati ya njia mpya, ameshika kiuno.

"Unakagua taa, mwenyekiti?"

"Nakwenda kliniki. Mgongo. Usimwambie mtu."

"Nikuseme ya nini? Mtaa mzima unapita hapa," alisema bibi, akampa mkono. Wakaenda pamoja, taratibu, na treni wakaiwahi.