Ovaroli Juu ya Bomba

Chombo cha kuongozea keekee ya kuchimbia kilitolewa kwenye kisima cha mvuke saa moja asubuhi, nyaya zake zimeyeyuka. Meneja alikitazama, kisha akamgeukia Barafu, fundi wa kupoza tope.

"Umeshusha tope la moto. Mkuu wa zamu anasema pampu hazikusimama usiku kucha. Funga virago."

"Sifungi. Nipe hadi saa nne."

"Ufanye nini?"

"Niulize maswali. Kuuliza bado ni bure, au?"

Mwamba wa kisima kile uliweza kupika chuma. Kilichokinga chombo ni tope baridi, lililosukumwa chini bila kukoma. Likirudi juu limechemka, Barafu hulipoza kwa feni kwenye mnara wa kupozea.

Alianza na fundi umeme.

"Ulizima feni?"

"Dada, usinitafutie ubaya. Hiyo haijazimwa tangu jana. Gusa mota."

Ilikuwa ya moto. Basi si yeye.

Akafuata bomba la kurudishia tope, chini ya banda la bati, ambako watu wa zamu huanika ovaroli walizofua. Akaminya moja. Akaitwaa, akaenda nayo ofisini, walikokuwa meneja na mkuu wa zamu.

"Mkuu, hii ni yako?"

"Yangu. Unataka kunifulia?"

"Uliianika lini?"

"Mwanzo wa zamu, kama siku zote."

"Hukauka baada ya muda gani?"

"Saa moja tu. Bomba lile ni pasi."

Barafu akampa meneja. "Ikamue."

Maji yakamdondokea viatuni.

"Umande huo," mkuu wa zamu alisema.

"Chini ya bati? Tope lingekuwa linarudi, bomba lingekuwa la moto na nguo hii kavu. Ulizima pampu. Tope likakaa chini, likapikwa pamoja na chombo."

Mkuu wa zamu akamgeukia meneja. "Wiki jana huyu alinisimamishia uchimbaji mbele ya vijana wangu, eti kisima kipoe. Nilitaka na yeye aonje aibu. Sikujua chombo kingeungua."

Meneja akakohoa. "Barafu, basi, yaishe."

"Hayaishi humu ndani. Ulinifukuza mbele ya watu, utanirudisha mbele ya watu."

Wakatoka. Meneja alitangaza kwamba Barafu amerudi kazini, watu wote wakasikia. Barafu akaanika tena ile ovaroli juu ya bomba, akaamuru pampu ziwashwe.

"Ikikauka," alisema, "mwenyewe aondoke nayo."