Kisanduku cha Xabier, Kompyuta ya Beñat

Kila asubuhi ya safari ile Maite alifanya mambo yale yale. Alikung'uta buti kabla ya kuzivaa, maana nge hupenda kujificha humo. Alichemsha kahawa kwenye jiko dogo la gesi, akamimina vikombe viwili, kisha akapiga magoti kando ya pikipiki ya marehemu mumewe, Beñat, na kuupaka mnyororo mafuta, pingili kwa pingili. Mikono iliijua kazi. Kichwa hakikuhitajika, na hilo ndilo alilolipenda.

Siku hiyo kitambaa chenye mafuta kilikuwa bado mkononi aliposikia pikipiki ya Xabier, shemeji yake, aliyetangulia kukagua njia ya korongoni, ikinguruma, sauti ikapanda, halafu ikanyamaza.

Alisubiri iwake tena. Haikuwaka.

Alimkuta chini ya ukingo uliomeguka, amelala chali mchangani. Pikipiki ilikuwa imepigwa na jiwe tumboni, na oili ilikuwa ikitiririka nyeusi na kunywewa na mchanga.

"Usinitazame hivyo, shemeji," Xabier alisema. "Nipo."

"Mguu?"

"Upo pia. Ila umepinda pasipo na kiungo."

Maite alichana suruali kwa kisu. Mfupa haukuwa umetoka. Aliunyoosha mguu kama Xabier alivyomwelekeza, akaufunga kati ya fito mbili za hema, huku shemeji yake akiuma glavu yake na machozi yakimchuruzika hadi masikioni. Aliyaona machozi yale kama mtu anayetazama mvua kutoka dirishani.

"Bonyeza kile kifaa cha Beñat," Xabier alisema alipopata pumzi. "Cha kuita msaada kwa setilaiti."

Kifaa kilikuwa kikining'inia kwenye mkoba wake. Maite alikishika.

"Hakiiti. Nilifunga akaunti yake mwezi wa nne. Nilizifunga zote siku moja. Benki, simu, maktaba."

"Sasa umekibebea nini?"

"Kilikuwa kwenye mkoba wake."

Xabier alifumba macho. Katika jangwa lile la kaskazini mwa Nevada simu hazikushika mtandao tangu jana yake. Mfuko wake wa maji ulikuwa umepasuka katika anguko. Zilibaki chupa mbili za Maite, na shamba la ng'ombe lililokuwa karibu kabisa lilikuwa ng'ambo ya mlima, mwendo wa nusu siku kwa pikipiki. Kwa miguu, mwezi wa nane, hakuna ambaye angefika.

"Utanibeba nyuma," alisema. "Kwanza ijaribu pikipiki yako kwenye ule mwinuko ukiwa peke yako. Uko sawa?"

"Niko sawa."

Hakufika hata nusu ya mwinuko. Injini ilianza kugonga, kavu na kali, kama kokoto ndani ya kopo. Taa ya joto ikawaka. Maite alizima, akaiacha pikipiki iserereke naye polepole kurudi bondeni.

Xabier alikuwa ameisikia sauti ile. "Jana ulijaza mafuta gani? Nilipokuwa dukani nanunua mkate?"

"Yaliyokuwepo."

"Ya daraja la chini?"

"Sikutazama."

Xabier akaitazama pikipiki ya ndugu yake. "Beñat, Beñat," alisema. "Umelala zako huko, na bado unabishana na mimi."

Ubishi wenyewe ulikuwa wa miaka. Kila Jumapili, juu ya mchuzi wa kondoo wa mama yao, ndugu hao wawili waligombana kuhusu pikipiki zao, ambazo zilikuwa pacha: aina moja, mwaka mmoja, na zote mbili walizifungulia ekzosi, bomba la moshi, ili zipumue. Injini ikipumua zaidi hutaka mafuta zaidi, na hapo ndipo njia zao zilipoachana. Beñat alifuta maelekezo ya kiwandani ndani ya kompyuta ya injini, akaandika ya kwake, ya mafuta na ya cheche inayoyawasha pia. Xabier hakuigusa kompyuta. Alichomeka kisanduku kidogo katikati ya waya, kazi yake kuongeza mafuta tu.

"Kisanduku ni mkongojo," Beñat alikuwa akisema. "Mtu mzima hatembei na mkongojo."

"Mkongojo unautupa ukipona," Xabier alimjibu. "Wewe umempasua mgonjwa kichwa."

Mama yao alikuwa akiwatishia wote kwa mwiko.

"Beñat aliiwahisha cheche," Xabier alisema sasa. "Kwa mafuta mazuri, inaruka kama swala. Kwa hayo uliyotia, na joto hili, na watu wawili juu, itatoboa pistoni."

"Nikifunga kisanduku chako, ikapata mafuta zaidi?"

"Kisanduku hakigusi cheche. Itaendelea kugonga." Alilamba midomo iliyoanza kupasuka. "Lakini kompyuta yangu ni ya kiwandani, na hiyo huvumilia mafuta mabaya; hata tangi langu lina hayo hayo. Itoe kwangu uiweke kwako. Na kisanduku ukichukue vilevile, maana ekzosi yako iko wazi. Bila hicho itakosa mafuta, ichemke."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili. Beñat akisikia atakufa mara ya pili."

Maite alitandika hema juu ya pikipiki mbili kama paa, akafanya kazi chini ya kivuli chake. Alinyanyua kiti cha Xabier, akafungua skrubu, akavuta soketi kubwa, akatoa kompyuta na kisanduku. Vyuma viliunguza vidole. Akageukia pikipiki ya pili.

Kompyuta ya Beñat ilitoshea kiganjani. Ubavuni palikuwa na alama ya kidole gumba, grisi iliyokauka, mistari yake yote ikionekana. Alikuwa ameishika pale siku aliyomaliza kuiandika, majira ya baridi, wiki moja kabla moyo wake haujasimama gereji. Nakala ya maelekezo yale haikuwepo popote. Laptopu yake Maite alikuwa ameigawa.

Hakuifuta alama. Aliivua soksi moja, akaitia kompyuta ndani, akaifunga fundo na kuiweka kifuani.

"Soketi ya kisanduku iingie mpaka ilie," Xabier alisema. "Imelia?"

"Imelia."

Injini iliwaka, ikakohoa, ikatulia.

Alimfunga Xabier mgongoni mwake kwa mikanda ya mizigo, mguu mbovu ukiegemea sanduku la pembeni. Kwenye mwinuko alikaza taya akisubiri kokoto. Hazikuja. Injini ilipanda polepole, nzito kama punda aliyepakiwa chumvi, lakini ilipanda.

Baada ya hapo ikawa ni jua tu. Walikunywa kifuniko kwa kifuniko. Xabier aliongea, kisha akaimba vibaya, kisha akanyamaza, na kichwa chake kikawa kizito begani mwa Maite.

"Sema kitu," Maite alimwambia.

"Unaendesha kama mama yangu."

"Sema kingine."

Hakujibu. Maite alisikia kitu kikimpanda, kikali, na ilimchukua kitambo kukitambua kuwa ni hofu. Hakuwa ameogopa chochote tangu mazishi. Aliushika mkono wa shemeji yake uliolegea tumboni mwake, akaendesha kwa mkono mmoja pale njia iliporuhusu, akiubana kila mara mpaka nao ukambana.

Chupa ya pili ilikuwa imekwisha walipoona kinu cha upepo, na chini yake birika la kunyweshea ng'ombe. Mama mwenye shamba, Verlene, mrefu, mwenye kofia ya majani, alitoka na mbwa wawili. Hakuuliza mengi. Alimlaza Xabier nyuma ya pikapu yake, akamnywesha kidogo kidogo kwa kikombe cha bati, akapiga simu ya nyumbani kuita helikopta ya wagonjwa.

"Na wewe, binti?" alimuuliza Maite, akimpa kikombe. "Uko sawa?"

Maite alikuwa amekaa ukingoni mwa pikapu, mguu mmoja bila soksi ndani ya buti. Alifungua kinywa atoe jibu lake la kila siku. Kifuani kile kitu kigumu ndani ya soksi kilikuwa bado na joto. Akamgeukia Xabier.

"Niliitazama ile pampu ya mafuta jana," alisema. "Niliiona ni ya daraja la chini, na nilijua itafanya nini. Nikajaza. Sikujali kama nitafika au sitafika. Siko sawa, shemeji. Usiniache nirudi kwenye nyumba ile peke yangu."