Vidonge vya Kuazimana

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Joyceline alimeza kidonge kimoja na uji wa ulezi huku mama yake akimtazama kama askari wa lindo. Mama Severa hakuwa mkali, ila mbele ya kidonge alikuwa hana mzaha. Akishahakikisha kimeshuka, ndipo alipomwekea binti yake kola vizuri na kumwambia aondoke, maana shule haimngoji mtu, na duka la vyombo vya plastiki kule Kariakoo halijifungui lenyewe.

Joyceline alikuwa na kifafa. Zamani alikuwa akianguka mara kwa mara, nyumbani na hata kanisani. Kisha mama yake akamwandikisha kwenye kliniki ya watoto katika hospitali ya serikali, si mbali na kwao Ilala, ambako watoto wenye maradhi kama yake walipewa dawa bila malipo. Tangu hapo hakuanguka tena. Alikuwa darasa la sita, alicheza rede kuwashinda wenzake, na mwalimu wake alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba anaongea kupita kiasi.

Kidonge cha pili kilikuwa cha jioni. Alikibeba ndani ya kikopo kidogo, kwa sababu akitoka shule alikwenda moja kwa moja dukani kwa mama. Saa hizo Mama Severa huwa amezungukwa na wateja wanaobishana bei za ndoo, kwa hiyo alimwamini binti yake ajimezee mwenyewe adhana ya magharibi inapolia.

Duka la jirani lilikuwa la Bwana Zayed, muuza mapazia na mashuka. Wazee wake walitoka Uarabuni, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Kariakoo, akakulia Kariakoo, na hakuna aliyemzidi kwa utani wa Kariakoo. Binti yake Samah alilingana umri na Joyceline. Jioni wasichana hawa wawili walikaa juu ya marobota ya mashuka, wakafanya kazi za shule kidogo na kupiga soga sana.

Sasa, Kariakoo ina ada yake. Mteja akitaka kitu kilichokwisha dukani, mwenye duka hasemi "hakuna." Humvutia kiti, akamsemesha hili na lile, huku ameshatuma mtu kwa jirani kuazima. Mzigo wake ukifika, hurudisha. Joyceline aliikuta ada hiyo kabla hajajua kusoma, na mara nyingi yeye ndiye aliyepeleka mabeseni ya kuazimwa akiwa ameyabeba kichwani. Mama yake alizoea kusema, "Jirani akiishiwa ukamnyima, na wewe ukiishiwa utamtazama kwa macho gani?"

Jioni moja Samah hakuwa na soga. Joyceline alipofungua kikopo chake, mwenzake alikitazama kile kidonge kwa muda, kisha akamwomba aape kwamba hatamwambia mtu. Joyceline akaapa.

"Na mimi ninacho kifafa," Samah alisema kwa sauti ya chini. "Nyumbani tunakiita kizunguzungu."

Joyceline alibaki kinywa wazi, jambo ambalo halikumtokea mara nyingi. Samah akamweleza yote. Dawa zake zilitoka Maskati kwa shangazi yake, zikiletwa na ndugu wanaosafiri. Safari hii msafiri alikuwa amechelewa, na dawa zilikuwa zimekwisha. Baba yake alisema zitafika wiki hii, na wiki iliyopita alisema hivyo hivyo.

Joyceline aliuliza kwa nini wasiende kliniki ya serikali, mbona dawa ni hizo hizo.

"Baba hataki. Anasema pale Kariakoo nzima inapita. Watu wakijua, nitakuja kuolewa na nani?"

Wote wawili wakacheka, maana mambo ya posa yalikuwa mbali nao kama mwezi. Lakini Joyceline aliona kuwa macho ya rafiki yake hayakucheka. Akakumbuka mwenyewe hofu ya kuamka sakafuni na kukuta watu wamekuzunguka, nawe hujui umefikaje pale. Hakuweza kuivumilia. Akamwekea Samah kidonge mkononi.

"Chukua. Mzigo wenu ukifika utanirudishia."

Siku ya pili akampa tena, na siku iliyofuata, na zilizofuata. Alijiona amefanya jambo kubwa. Si ndivyo mama yake alivyofanya kila siku? Yeye alibaki na kidonge cha asubuhi, Samah akapata cha jioni, na ikaonekana kila mmoja ana fungu lake.

Jumamosi, Kariakoo ikiwa haina pa kuweka mguu, Joyceline alikuwa akipanga vifuniko vya ndoo alipoona mwanga unacheza mbele ya macho yake. Yaliyofuata alisimuliwa baadaye. Alianguka katikati ya mabeseni, mwili ukawa unarukaruka. Wateja wakatawanyika. Mama mmoja aliwaonya watu wasimguse, eti povu la kifafa huambukiza. Mwingine alikuja na kijiko ili amtie mdomoni.

Bwana Zayed, ambaye kwa unene wake hata kuinuka kitini ilikuwa shughuli, aliruka meza ya duka lake kama kijana. Akasukuma mabeseni pembeni, akakunja pazia jipya na kuliweka chini ya kichwa cha mtoto, kisha akamlaza ubavu.

"Kijiko rudisha kwenye chai," alimwambia yule mtu. "Na ugonjwa huu hauambukizi. Sogeeni, mtoto apate hewa."

Alikaa hapo hapo, mkono wake begani kwa Joyceline, mpaka mwili ukatulia. Mama Severa, aliyekuwa amepiga magoti akitetemeka, aliutazama ule mkono. Haukutetemeka hata kidogo.

Kliniki ilipofunguliwa Jumatatu walikuwa mlangoni. Daktari alimwuliza Joyceline kama anameza dawa zake zote, asubuhi na jioni. Joyceline akajibu kwamba anameza. Mama yake akaongeza kwa fahari kwamba mtoto huyu hana haja ya kukumbushwa.

Daktari akatikisa kichwa. Alisema basi dawa hii imezidiwa na ugonjwa, itabidi kipimo kiongezwe. Dawa ikiwa kali zaidi huenda ikamletea usingizi darasani, lakini hawana njia nyingine.

Joyceline aliitazama kalamu ya daktari ikianza kuandika. Akinyamaza, atameza dawa kali kwa ajili ya uongo wake. Akisema, atakuwa amevunja kiapo. Kisha likamjia jambo ambalo hakuwa amelifikiria hata siku moja. Ikiwa yeye ameanguka kwa kukosa kidonge kimoja, Samah anayeishi kwa hicho kimoja atadumu mpaka lini? Naye kila siku huvuka barabara kubwa akitoka shule Upanga. Siri hii sasa ilimtisha kuliko kiapo.

"Daktari, tafadhali usiongeze," alisema. "Dawa haijazidiwa. Cha jioni nilikuwa simezi. Nilimwazima mtu."

Mama Severa aligeuka taratibu. "Umemwazima mtu dawa?"

"Ameishiwa, mama. Naye ana kifafa. Niliona akiishiwa jirani..." Hakumaliza. Machozi yalikuwa yameshamtoka.

Daktari aliweka kalamu chini. Alipouliza mtu huyo ni nani, Joyceline alisema ameapa kutomtaja. Hapo Mama Severa akaukumbuka ule mkono usiotetemeka. Alimfuta binti yake machozi kwa ncha ya khanga, akasema, "Huna haja ya kumtaja. Niachie mimi."

Jioni hiyo aliingia duka la mapazia wateja walipopungua. Joyceline na Samah walikuwa juu ya marobota. Mama Severa hakuanza na lawama. Alimshukuru jirani yake kwa siku ile, akamwuliza habari za nyumbani, za biashara, na za pazia lililochafuka. Bwana Zayed alisema pazia si kitu. Ndipo Mama Severa akavuta kiti.

"Baba Samah, siku ile kila mtu alikimbia. Wewe ulijua la kufanya. Mkono ule si mara yake ya kwanza."

Bwana Zayed alikunja shuka lililokwisha kukunjwa. Akalikunja tena. Mwisho akamtazama binti yake, naye Samah akainamisha kichwa.

"Mama Joyceline," alisema, "mimi ni mtu wa duka. Jina langu likichafuka, binti yangu ndiye atakayelipia. Nikapange foleni ya dawa za bure kliniki, wateja wangu wanione?"

"Na mimi je? Sina duka, sina wateja?" alijibu Mama Severa kwa upole. "Nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Nilimficha mwanangu, nikasema ana homa, mpaka alipoanguka karibu na jiko la mkaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimwomba Mungu msamaha, kesho yake nikapanga foleni. Na watoto wetu hawa wamekuwa wakigawana vidonge nyuma ya migongo yetu, kila mmoja anakula nusu ya uzima wake."

Bwana Zayed hakuwa akijua. Alikaa chini kwa uzito wake wote. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Joyceline hakuwahi kuisikia kwake, kliniki hiyo hufunguliwa saa ngapi.

Asubuhi yake walikwenda wote. Bwana Zayed alikuwa ameshusha kofia yake mpaka kwenye nyusi, kana kwamba mwili ule ungeweza kufichwa na kofia. Walipofika kwenye mabenchi alisimama ghafla. Mbele yake alikaa Marcelino, fundi mapazia, mteja wake mkubwa kuliko wote, amempakata mwanawe mdogo. Wakatazamana. Joyceline aliona Bwana Zayed anaanza kugeuka, na Samah amemshika kanzu.

Marcelino akasogea, akapiga benchi kwa kiganja. "Karibu, Baba Samah. Mimi mwaka wa pili huu. Na hapa naona karibu nusu ya mtaa wetu."

Bwana Zayed alivuta pumzi ndefu, akapandisha kofia yake mahali pake, akakaa.

Ndani, Muuguzi Zamda alimpima Samah uzito na urefu, na daktari akamhoji kwa makini. Ilionekana kwamba Samah alikuwa amekua sana tangu alipopangiwa dawa, lakini kipimo kilikuwa kile kile cha utotoni.

"Shangazi yake ana mapenzi, Mungu ambariki," Zamda alimwambia Bwana Zayed. "Lakini yuko Maskati, hawezi kumpandisha mtoto kwenye mzani. Huduma hii imewekwa kwa ajili ya watoto wetu. Kuitumia si kuomba sadaka."

Samah akaandikishwa, akapewa dawa zake. Bwana Zayed alimshukuru muuguzi mara nyingi mno, na njiani akarudia utani wake wote wa wiki nzima.

Jioni hiyo adhana ilipolia, wasichana walikaa mahali pao na kikombe cha maji. Samah alifungua pakiti yake mpya, akatoa kidonge chake, kisha akatoa na kingine, akamnyooshea Joyceline.

"Mzigo wetu umefika," alisema. "Nakurudishia."

Joyceline alimkunja vidole, akakifunika kile kidonge kiganjani mwake. "Hapana. Kirudishe ndani, ni chako cha kesho. Tena ni mimi niliyekosea kukuazima."

Mama Severa, aliyekuwa akihesabu ndoo mlangoni, aliziacha. Akaja, akakaa kati yao juu ya robota.

"Joyceline, mimi ndiye niliyekufundisha kuazima, na ndoo utaazima mpaka uzeeke," alisema. "Lakini dawa ya mtu imepimwa kwa mwili wake mwenyewe. Ukimgawia mwenzako, unamnyima yeye uzima na unajinyima wewe. Mwenzako akiishiwa dawa, usimpe yako. Mshike mkono, umwambie mtu mzima, umpeleke zinakotolewa. Na mtu asikuapishe kuficha ugonjwa, kwa sababu ugonjwa hauheshimu kiapo. Mmenielewa?"

Waliitikia pamoja kwamba wameelewa. Samah akakirudisha kidonge cha kesho kwenye pakiti. Kisha kila mmoja akameza chake, wakipokezana kikombe kimoja cha maji.