Nilimpiga Picha Mdogo Wangu Akiwa Eda

Wewe unayesoma hapa, leo nakuhesabu shoga yangu wa mkeka mmoja. Haya nitakayokwambia hata mume wangu hayajui yote... Mengine anayasikia vipande vipande huko barazani, na akirudi nyumbani hanitazami usoni.

Nina miaka arobaini na tatu, mama wa watoto wanne, naishi Kibiti. Swala zangu tano sizikosi. Shule niliacha darasa la tatu, nikapelekwa shambani Chumbi kuamia ndege wasile mpunga, na huko ndiko utoto ulikoishia. Kwa hiyo niliposikia kuna mwalimu anafundisha watu wazima jioni, kusoma na kuandika, nilijiandikisha siku hiyohiyo.

Mwalimu wetu alikuwa na mtindo wake. Kila Ijumaa anatupa neno moja. Wiki nzima unalitafutia picha kwa simu yako, unaituma kwenye grupu la darasa, na chini yake unaandika sentensi tatu wewe mwenyewe, bila kusaidiwa na mtoto. Ijumaa inayofuata, picha iliyopendeza kuliko zote inatajwa, na mwenyewe anasimama kusoma maneno yake mbele za watu. Zawadi hakuna. Zawadi ni kule kusimama.

Jamani, mtu aliyeacha shule darasa la tatu, kusimama mbele za watu akasoma alichoandika mwenyewe... unajua utamu wake?

Wiki ya neno "Maji" alishinda mzee mmoja muuza korosho, kapiga mto ulivyovimba ukameza shamba lake. Wiki ya "Mikono" nikashinda mimi, kwa picha ya mikono ya mama yangu ikimenya muhogo. Nilisoma huku nafuata mistari kwa kidole. Wakanipigia makofi. Kuanzia siku ile, mwenzenu nikawa siendi sokoni wala kisimani bila simu mkononi. Nikiona kitu, sikioni tena kama kitu. Nakiona kama picha.

Sasa nikwambie habari za mdogo wangu Zaituni.

Zaituni tumezaliwa wawili tu, mama mmoja, baba mmoja. Aliolewa na kijana wa Salale, kule delta kwenye mikoko, wakajenga kanyumba kao hapa Kibiti, yeye anashona, mume anauza kamba wakavu. Walijaaliwa mtoto mmoja wa kike, Tatu. Mwaka huu mume akaugua wiki mbili, akafariki. Tatu alikuwa hajatimiza miaka mitatu.

Zaituni akakaa eda mule mule nyumbani kwake. Miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, haonekani na wanaume wasio maharimu zake. Wakwe zake walivyokuja kwenye msiba walisema maneno mazuri sana. Mama mkwe, Bi Hadija, alisema mbele yetu sote kwamba eda ikiisha Zaituni abaki kwenye nyumba hii amlee mjukuu wao, hakuna atakayemgusa. Sisi tukashukuru. Wajane wangapi wanaambiwa hivyo?

Mimi nilikuwa nampelekea chakula kila siku. Mwezi mzima sikuona jino lake. Anakula tonge mbili, anarudi kwenye mkeka, macho ukutani.

Basi wiki hiyo mwalimu akatoa neno: "Tabasamu".

Nilihangaika. Wenzangu wanatuma watoto wamecheka, wachuuzi wamecheka, mimi naona yote ni ya kawaida. Siku ya Alhamisi nikaenda kwa Zaituni na sufuria la wali. Tumekaa uani, mara Tatu katoka chumbani kavaa kofia ya marehemu baba yake. Imemziba mpaka puani, haoni mbele. Akatembea, akagonga mwimo wa mlango, akarudi nyuma hatua moja, akauamkia.

"Shikamoo," akauambia mlango.

Zaituni akacheka... Akacheka mpaka mtandio ukamteleza ukaanguka mabegani. Kicheko chenyewe kilichanganyika na machozi. Mimi simu ilikuwa mkononi tayari. Nikapiga.

Akaniuliza, bado anajifuta macho, "Dada, hiyo picha ya nini?"

Nikamjibu, "Ya kwangu tu, mdogo wangu."

Ya kwangu tu! Wallahi nilimwambia hivyo, na wakati ulimi unatamka moyo ulishajua Ijumaa ni kesho.

Nilipofika nyumbani nikaitazama ile picha. Zaituni upande huu, Tatu na kofia upande ule, nyuma kuna sufuria. Mwalimu alikuwa anatufundisha kwamba picha nzuri ina kitu kimoja tu. Nikaikata. Nikamtoa mtoto, nikaitoa kofia, nikaitoa sufuria. Ukabaki uso wa Zaituni peke yake, kacheka, nywele wazi. Simu yangu hii ya bei nafuu, ukikata picha, ile ya mwanzo haikurudii. Na mimi nywele sikuziona. Naapa sikuziona. Niliona tabasamu tu.

Chini nikaandika kwa taabu yangu yote: "Huyu ni mdogo wangu Zaituni. Yuko eda ya mumewe. Leo amecheka."

Unaona? Ningekuwa bado sijui kuandika, ingekuwa picha ya mwanamke yeyote...

Nilishinda. Nikasimama, nikasoma. Mwalimu akasema ndiyo picha bora tangu tuanze. Nikarudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Darasani tuna mwenzetu, nitamwita Mama Shufaa, kwao ni Salale. Yeye akaifowadi kwa ndugu zake. Mpaka leo anasema aliituma kwa kufurahi, kuonyesha picha nzuri ya mtu wa kwao. Huenda ni kweli. Mimi nani wa kumhukumu?

Haikupita siku mbili picha imefika kwa wakwe. Siku ya Jumapili shemeji yake Zaituni, Omari, kaka wa marehemu, akanipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza kwa upole tu, dada, hii picha ya shemeji nani kaipiga? Na mimi, mwanamke wa swala tano, nikaogopa. Nikamwambia simjui, pengine ni wanawake waliokuja kumtazama.

Uongo wa pili huo. Na kwa uongo huo nikajiharibia ushahidi wangu wote.

Nilimwomba mwalimu aitoe picha kwenye grupu. Akaitoa, akaniomba radhi, akasema hakujua mambo ya eda yana uzito huo. Lakini kuitoa kwenye grupu ni kama kufunga zizi mbuzi wameshaingia kwenye mpunga wa watu. Ilishafika kwenye simu nisizozijua, za watu nisiowajua.

Jumatano wakaja. Bi Hadija, Omari, na wanawake wawili wa ukoo. Niliwakuta wameshakaa sebuleni, Zaituni kajifunika khanga mbele yao, simu ya Omari iko katikati ya mkeka, uso wa mdogo wangu unawaka juu yake.

Bi Hadija alisema taratibu, "Udongo wa mwanangu haujakauka. Wewe unachekea wanaume kwenye simu, kichwa wazi."

"Mama, nilimcheka mtoto," Zaituni akasema. "Alivaa kofia ya baba yake."

"Mtoto yuko wapi hapa?" Bi Hadija akamsogezea simu kwa kidole. "Nionyeshe mtoto. Nionyeshe kofia."

Zaituni akaitazama ile picha. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona. Akainua macho akanitazama mimi.

Nikaanguka magoti. Nikaeleza yote, kwamba ni mimi niliyepiga, ni mimi niliyekata, mdogo wangu hakujua. Omari akatingisha kichwa. Akasema, "Dada, Jumapili ulisema humjui. Leo ni wewe. Kesho utakuwa nani?"

Bi Hadija akaniambia, "Msomi wetu. Kaandike na hili."

Wakasema hawawezi kumwacha damu yao alelewe kwenye nyumba ya kicheko. Wakamfungia Tatu nguo zake kwenye furushi. Shehe wa mtaa wetu alikuja mbio, akawaambia kucheka hakuvunji eda, na kosa la nywele ni la aliyeipeleka picha, si la mjane. Walimsikiliza kwa adabu zote. Kisha wakasimama na mtoto.

Msomaji wangu, hapa ndipo ninapolia kila ninapokumbuka.

Zaituni alimfuata mwanawe mpaka mlangoni. Pale kizingitini akasimama. Vidole vya miguu yake viligusa ubao, havikuvuka. Mtoto anamwita, "Mama, njoo." Mimi nikamwambia toka, mkimbilie, Mungu anajua ni dharura! Shehe naye akamwambia kuna ruhusa. Akatingisha kichwa.

"Nikitoka watasema walijua kuwa eda siitunzi," akasema. "Mfuate wewe, dada. Mie niko eda."

Nikawafuata mpaka kwenye gari. Omari alinizuia kwa mkono tu, kama unavyomzuia kuku asiingie ndani. Gari likaondoka.

Nilienda Salale mara mbili. Unapanda gari mpaka bandarini, unasubiri maji yajae ndipo boti iingie kwenye mikoko. Mara ya kwanza waliniambia mtoto yuko shambani na bibi yake. Mara ya pili nilimwona kwa mbali, kanenepa, anacheza na makaka ya kaa, yale magamba yao matupu. Nikapewa uji, nikanywa, nikaambiwa boti inarudi. Nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kushtaki pia. Wakaniambia mama wa mtoto aje aeleze mwenyewe. Nikarudi kumwambia Zaituni. Akanijibu kwamba zimebaki siku sitini na mbili.

Alikuwa anazihesabu kwa punje za mpunga kwenye bakuli. Kila baada ya alfajiri anatoa moja.

Hakunifukuza. Angenifukuza ningepumua. Chakula changu alipokea, salamu aliitikia, ila simu yangu ikiita tu, anavuta khanga anajifunika uso wote.

Eda ikaisha. Akaoga, akaswali, akavaa nguo nyingine, akaenda Salale siku hiyohiyo. Nilidhani atarudi na mtoto, au atakwenda kushtaki. Hakurudi. Bi Hadija alimwambia mtoto haondoki, ila mama akitaka kukaa naye hapo nafasi ya mkeka ipo. Zaituni akakubali. Cherehani akauza. Kwenye nyumba yake ya Kibiti sasa anakaa Omari na mkewe. Mdogo wangu, fundi aliyekuwa anashonea maharusi wa mji mzima, anapalilia mpunga wa wakwe zake, na nasikia Tatu mwanzoni alimkimbia akajificha nyuma ya bibi. Nasikia anaongea kidogo. Nasikia hacheki.

Yote nayasikia tu. Nifanyeje? Nimeomba radhi kwake, nimeomba kwa wakwe, naomba kwa Mola kila sijida. Mola ni mwingi wa rehema. Ila picha hairudi nyuma.

Darasani nimeacha kutuma picha. Kusoma sijaacha, maana kosa halikuwa la kalamu. Kosa ni langu, mtu mzima niliyetaka kupigiwa makofi kwa uso wa mwenzangu. Na ile picha bado ninayo. Kila siku nashika simu niifute, kidole kinagoma... Ndiyo picha pekee duniani ya Zaituni akicheka.

Nawaomba, wenzangu. Kabla hujamwinulia mtu simu, mwulize. Akikuuliza ya nini, mwambie kweli. Na mfiwa mwachie kicheko chake kikae uani kwake, kisivuke kizingiti ambacho mwenyewe hawezi kukivuka.

Ukimaliza kusoma, msomee na mwenzako asiyejua kusoma, naye amsimulie jirani yake. Habari hii ipelekeni mbali kama ilivyokwenda ile picha, hata Salale ifike. Labda mtu wa huko atamwambia Bi Hadija kwamba mtoto alikuwepo... na kofia ilikuwepo. Nilivikata mimi.